Nani Hula Faida ya Picha ya Nakala?

Katika hoteli nyingi za miji yetu, katika ofisi za makampuni na katika sebule za watu wenye kipato cha wastani, hutundikwa picha ambazo wachoraji wake wa kwanza walikwisha kufa zamani, tena katika nchi za mbali. Hapa utaona alizeti za Vincent van Gogh, pale uso wa Mona Lisa wa Leonardo da Vinci, na kwingine maua ya majini ya Claude Monet. Kila mtu ajua kwamba picha ya asili haipo pale. Ipo Amsterdam, au Paris, au London, katika jumba la makumbusho lenye walinzi. Iliyopo ukutani ni nakala. Lakini ni wachache wanaojiuliza nakala hiyo ilitengenezwa na nani, kwa njia gani, na fedha iliyolipwa dukani iligawanywaje kabla ya sehemu yake kumfikia aliyeifanya kazi.

Swali hilo twaona linastahili kujadiliwa mbele ya wafanyakazi. Biashara ya nakala za picha ni kazi kama kazi nyingine: inao vibarua wake, inao matajiri wake, inazo mashine zake na inalo soko lake. Mtu yeyote aliyepata kulima kahawa au pamba kwa ajili ya soko la ng'ambo ataitambua upesi sura yake.

Kwanza yafaa tuiondoe fikira moja isiyo sawa, nayo ni kwamba kunakili picha ni wizi. Tangu zamani wachoraji wamejifunza kazi yao kwa kunakili picha za waliowatangulia. Van Gogh mwenyewe, alipokuwa amelazwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili huko Saint-Rémy, kusini mwa Ufaransa, mwaka 1889 na 1890, alinakili kazi nyingi za mchoraji Jean-François Millet, ambaye aliwachora wakulima wa Ufaransa wakipanda, wakivuna na kupumzika. Van Gogh alikuwa na picha zilizopigwa chapa bila rangi. Rangi akazitia mwenyewe kwa fikira zake. Wala hakuuficha ukweli huo. Nakala huwa ghushi pale inapouzwa kana kwamba ndiyo picha ya asili. Ikiuzwa kwa jina lake la nakala, ni bidhaa halali.

Sheria nayo yakubaliana na jambo hilo. Hakimiliki ya mchoraji hudumu maisha yake yote, na baada ya kifo chake huendelea kwa muda uliowekwa: miaka 50 kwa sheria ya Tanzania ya mwaka 1999, na miaka 70 katika nchi za Umoja wa Ulaya. Van Gogh alifariki mwaka 1890. Kwa hivyo alizeti zake leo ni mali ya watu wote. Mtu wa Shenzhen, wa Mumbai au wa Mwanza aweza kuzichora na kuziuza bila kumwomba yeyote ruhusa.

Ikiwa picha yenyewe ni ya watu wote, basi mnunuzi hulipia nini? Hulipia vitu vitatu: malighafi, yaani turubai, rangi, karatasi na fremu, kazi ya mkono au ya mashine, na njia ya kuitoa picha kwa aliyeichora hadi kumfikia mnunuzi. Tukitaka kujua nani anufaika, yatupasa tuvitazame vitu hivyo mahali vinapoonekana wazi, na hapana mahali vinapoonekana wazi kuliko katika kijiji kimoja cha China.

Kijiji hicho huitwa Dafen, nacho kimo ndani ya mji wa Shenzhen, karibu na mpaka wa Hong Kong. Eneo lake halifiki nusu ya kilometa ya mraba. Shenzhen ilifanywa eneo maalumu la uchumi mwaka 1980. Mwaka 1989 mfanyabiashara wa Hong Kong, Huang Jiang, ambaye mwenyewe ni mchoraji, alihamia Dafen pamoja na wachoraji wachache, kwa kuwa kodi ya nyumba ilikuwa nafuu na vijana wa kazi walipatikana kwa urahisi. Yeye alikuja na kitu ambacho wenyeji hawakuwa nacho: maagizo ya wanunuzi wa ng'ambo. Maagizo yalipoongezeka, vijana walimiminika kutoka mikoa ya mbali, wengi wao watoto wa wakulima ambao hawakupata kusoma chuo chochote cha sanaa. Baada ya miaka michache wachoraji wakafika maelfu, na picha zao zikapakiwa kwenda Ulaya na Marekani, hata zikauzwa katika maduka makubwa kama Walmart.

Kazi hufanywa hivi. Mchoraji huwekewa mbele yake picha iliyopigwa chapa, au siku hizi picha iliyo katika simu au kompyuta. Turubai hupigiliwa ukutani, aghalabu kadhaa kwa mstari mmoja. Kwanza huchorwa mistari ya umbo kwa mkaa au penseli. Kisha mchoraji huanza kutia rangi ya mafuta: kama picha ni ya anga la usiku, hutia anga katika turubai zote, halafu hurudi mwanzo akatia miti katika zote, halafu nyumba. Kwa njia hiyo rangi moja huchanganywa mara moja tu, na mkono huizoea harakati moja hata ukaifanya bila kufikiri. Rangi ya mafuta haikauki upesi. Picha hutundikwa kwenye kamba kama nguo zilizofuliwa. Zikikauka, huviringishwa bila fremu na kutiwa katika bomba la karatasi ngumu, maana picha iliyoviringishwa ni nyepesi na nauli yake ni ndogo. Fremu hutiwa huko zinakouzwa.

Watu wengi wa nje walidhani kwamba Dafen ni kiwanda kimoja kikubwa chenye safu za vibarua, huyu akichora pua na yule akichora jicho. Mtaalamu Winnie Wong, katika kitabu alichokitoa mwaka 2013 baada ya uchunguzi mrefu, alionyesha kwamba sivyo. Wachoraji wengi hufanya kazi nyumbani kwao au katika vyumba vidogo vya kukodi, pamoja na mke, ndugu na wanafunzi wao, nao hulipwa kwa kila picha. Baadhi ya wasomaji watasema kwamba hilo ni jambo jema, kwa kuwa mchoraji hana msimamizi wa kumkaripia. Lakini yafaa tutazame upande wa pili. Mfanyabiashara mwenye maagizo hana haja ya kujenga kiwanda, wala kulipa mshahara wa mwezi, wala kumtibu mchoraji akiugua. Picha ikikataliwa, hasara yamwangukia aliyeichora. Maagizo yakikosekana, hapana anayeachishwa kazi, kwa sababu hapana aliyeajiriwa. Mfanyakazi huambiwa kwamba yeye ni bwana wa nafsi yake, huku akibeba mizigo yote ya biashara isipokuwa faida.

Tena wengi wao walikuwa wageni katika mji huo. Katika China kila mtu huandikishwa ukazi wake, na aliyeandikishwa kijijini hakupata kwa urahisi huduma za mji. Ndiyo sababu wazazi wengi waliochora Dafen waliwaacha watoto wao wakasome vijijini, mbali na macho yao.

Twaweza kumtazama mchoraji mmoja ambaye habari zake zimejulikana ulimwenguni, Zhao Xiaoyong. Yeye na jamaa zake walichora, kwa hesabu yake mwenyewe, nakala zipatazo 100,000 za picha za Van Gogh. Kwa miaka mingi hakuwahi kuiona hata moja ya picha za asili. Mwaka 2014 alisafiri hadi Amsterdam, na safari yake ikaonyeshwa katika filamu iliyotoka mwaka 2016. Alikuwa akijua kwamba mnunuzi wake huko Uholanzi huchukua kazi zake kwa wingi, naye alidhani ya kuwa zinauzwa katika nyumba ya sanaa yenye heshima. Alipofika alizikuta katika duka dogo la kumbukumbu za watalii, na bei yake ilikuwa imepanda mara nyingi zaidi ya ile aliyolipwa yeye. Hapana sheria iliyovunjwa hapo. Mwenye duka alilipa nauli, kodi na ushuru. Walakini mtu aliyefanya kazi hiyo muda mrefu namna ile hakuwa akijua picha zake zinauzwa wapi, kwa nani, wala kwa kiasi gani.

Zhao alifika pia kwenye kaburi la Van Gogh huko Auvers-sur-Oise. Marehemu huyo naye aliuza picha chache mno katika uhai wake, akaishi kwa fedha za mdogo wake Theo. Mwaka 1990, miaka 100 baada ya kifo chake, picha yake moja ya Daktari Gachet iliuzwa mnadani New York kwa dola milioni 82.5. Mwenye kuchora asili na mwenye kuchora nakala walitenganishwa na karne nzima, lakini msiba wao ni mmoja: kila mmoja alikuwa na mkono hodari, na hapana hata mmoja aliyekuwa na mlango wa kumfikia mnunuzi.

Udhaifu wa hali hiyo ulidhihirika mwaka 2008. Uchumi wa Marekani ulipotikisika, watu waliacha kununua nyumba, na asiyenunua nyumba hanunui picha ya kutundika. Maagizo ya Dafen yalipungua ghafla. Wachoraji wengi hawakujua la kufanya, maana aliyewajua wanunuzi alikuwa ni dalali. Baadaye waligeukia soko la ndani ya China, na baadhi yao wakaanza kuchora picha zao wenyewe. Ugonjwa wa Korona ulipoenea mwaka 2020 biashara ya ng'ambo ikapata pigo jingine.

Fundisho la kwanza basi ni hili: katika biashara ya nakala, anayemjua mnunuzi ndiye anayepanga bei. Wakulima wetu wa kahawa walilitambua jambo hilo mapema. Wale wa Kilimanjaro waliunda chama chao cha ushirika cha KNCU mwaka 1933 kwa sababu waliona kwamba kulima vizuri hakutoshi ikiwa mizani na soko vimo mikononi mwa watu wengine.

Sasa tuje kwenye mashine. Nakala nyingi zinazouzwa duniani hazichorwi kwa mkono, hupigwa chapa. Katika karne ya 19 mafundi walitumia mawe laini yaliyochorwa kwa mafuta, kila rangi na jiwe lake. Louis Prang, mzaliwa wa Prussia aliyehamia Boston, alitajirika kwa kuuza nakala za namna hiyo, na picha moja iliweza kuhitaji mawe 20 na zaidi. Huko India mchoraji mashuhuri Raja Ravi Varma alianzisha kiwanda chake cha chapa mwaka 1894, ili picha zake ziingie katika nyumba za watu wa kawaida. Picha zilipendwa nchi nzima, lakini kiwanda kilimletea madeni, na mwanzoni mwa karne ya 20 aliuza kiwanda hicho kwa fundi wake Mjerumani, Fritz Schleicher. Mchoraji alikuwa na picha na alikuwa na mashine; alichokosa ni mtaji wa kungojea mpaka faida ije.

Baadaye zikaja mashine zinazotumia wino wa aina nne, wa buluu, wa wekundu, wa manjano na mweusi, zikipiga maelfu ya nakala kwa siku. Na tangu mwaka 1991 imeenea njia nyingine, ambayo huko Marekani ilipewa jina la jikle, kutokana na neno la Kifaransa lenye maana ya kurusha majimaji. Picha ya asili hupigwa kwa kamera yenye nguvu. Fundi huzilinganisha rangi katika kompyuta. Kisha mashine hunyunyiza matone madogo mno ya wino juu ya karatasi ya pamba au turubai. Wino wa mwanzo ulififia upesi. Wa siku hizi hudumu miaka mingi zaidi. Faida yake kubwa ni kwamba nakala yaweza kutolewa moja moja, mnunuzi akishalipa. Mwenye duka hana shehena ya kumwozea.

Tena picha zenyewe sasa hutolewa bure. Jumba la Rijksmuseum la Amsterdam lilianza mwaka 2012 kuziweka wazi picha zake zilizo safi kabisa, ili mtu yeyote azitumie. Jumba la Metropolitan la New York lilifanya vivyo hivyo mwaka 2017 kwa picha zipatazo 375,000. Mapema zaidi, mwaka 1999, mahakama moja ya New York ilikuwa imeamua kwamba mtu anayepiga picha kamili ya mchoro wa zamani hapati hakimiliki mpya kwa kupiga picha hiyo tu. Uamuzi huo twauona ni wa haki, maana ulizuia mali ya umma isizungushiwe ua kwa mara ya pili.

Hata hivyo, mnunuzi asipoelewa mambo hayo atalipishwa kwa kisichokuwapo. Wapo wanaouza nakala za mashine kwa bei kubwa wakisema kwamba ni toleo lenye idadi maalumu, labda 200 au 500, na kila moja ina namba yake. Kama mchoraji yu hai, akaikagua na kuitia saini, mnunuzi apata kitu: ahadi ya mchoraji. Lakini kama mchoraji alikufa zaidi ya karne moja iliyopita, namba hiyo haina maana kubwa. Mashine haichoki, na duka la jirani laweza kupiga picha ile ile kesho. Uhaba huo umetengenezwa kwa kalamu. Mnunuzi mwenye busara atauliza mambo manne: imechorwa au imepigwa chapa? Juu ya nini? Kwa wino wa namna gani? Na ni nani aliyeifanya? Muuzaji asiyeweza kuyajibu hastahili bei anayoitaka.

Je, mambo haya yatuhusu nini sisi Watanzania? Yatuhusu sana. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa upande wa Tunduru, alianza kuchora jijini Dar es Salaam mwaka 1968, kwa rangi za kupakia baiskeli juu ya vipande vya mraba vya hadibodi. Aliuza picha zake Oyster Bay, kando ya duka lililotembelewa na wageni, akawafundisha vijana wachache. Mwaka 1972 aliuawa kwa risasi za polisi waliomdhania kuwa mhalifu. Wanafunzi wake waliendelea, na mwaka 1990 wakaunda chama cha ushirika. Leo wanyama na ndege wa mtindo huo huonekana Zanzibar, Arusha na Nairobi, na hata ng'ambo katika kadi, fulana na mifuko. Nakala ya nakala huuzwa kando ya asili, na mtalii hana njia ya kuzitofautisha.

Sheria itawasaidia wachoraji wetu, lakini wasiitegemee kwa lisilokuwamo ndani yake. Sheria hulinda picha fulani iliyochorwa na mtu fulani. Mtindo wa kuchora haulindwi. Picha za Tingatinga mwenyewe, kwa kipimo kile cha miaka 50, zilifikia mwisho wa ulinzi wake nchini mwaka 2022. Bali picha za wanafunzi wake walio hai, na za vijana wanaochora leo, zingali mali yao. Anayezipiga chapa bila ruhusa na kuziuza amechukua mali ya mtu, naye aweza kushitakiwa.

Kwa hiyo twashauri mambo matatu. Kwanza, mchoraji asitoe kazi mkononi mwake bila jina, tarehe na picha ya kumbukumbu, na aulize COSOTA namna ya kuandikisha haki zake. Akinakili picha ya mwingine aandike kwamba ni nakala. Hapana aibu katika neno hilo. Pili, vyama vya wachoraji viweke daftari la wanunuzi. Wahenga walinena, mali bila daftari hupotea bila habari. Na mali iliyo kubwa kuliko rangi na brashi ni kujua nani alinunua, yuko wapi, na atataka nini tena. Chama chenye daftari hilo chaweza pia kununua mashine yake ya kupigia chapa, ili faida ya nakala irudi kwa wenye picha. Tatu, ofisi na hoteli zinaponunua mapambo ya kuta zake, wanaohusika wakumbuke kwamba kwa bei ya nakala ya mashine iliyotoka mbali, mara nyingi waweza kupata picha ya asili ya mchoraji aliye mtaa wa pili.

Mchumia juani hulia kivulini, husema Waswahili. Katika biashara tuliyoieleza, yupo anayechuma juani na yupo anayelia kivulini, nao si mtu mmoja. Wachoraji wa Dafen wamejifunza hayo kwa miaka zaidi ya 30, na kwa gharama kubwa. Wachoraji wetu hawana sababu ya kungojea kujifunza kwa gharama hiyo hiyo.